Kilio cha Amri na Kilio cha Ombi

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa maana serikali yake haipendi kuangaliwa kutoka mbali. Ilikuwa nchi iliyoipenda sayansi kupita kiasi. Kuna mahali wakubwa huamua mambo bila utafiti wowote, na sisi tuliwahurumia watu wa huko. Kwetu wakubwa waliamua, kisha utafiti ukafanywa, na sijapata kusikia utafiti hata mmoja uliowaaibisha.

Mwaka huo Mheshimiwa Waziri wa Maumbile aliizuru Taasisi ya Taifa ya Tofauti. Akawakusanya watafiti ukumbini na kuwapa swali ambalo, alisema, lilikuwa likimnyima usingizi: kwa nini wanawake hawawezi kutoa amri?

Mtafiti mmoja aliyekuwa mgeni akauliza, kwa heshima, kama isingefaa kuanza kwa kuchunguza iwapo kweli hawawezi. Waziri alimshukuru sana. Juma lililofuata mtafiti yule alihamishiwa kituo cha utafiti wa konokono kwenye mkoa wa mpakani, na tunasikia afya yake ni nzuri.

Mkurugenzi wa Taasisi, Profesa Zahoro Mpangala, hakuwa mtu wa kukatisha tamaa. Alisimama akasema, "Mheshimiwa, binadamu akishakua huwa ameharibiwa na malezi. Tukitaka kuyaona maumbile yenyewe, lazima tumkamate mtu siku anayozaliwa, kabla dunia haijamgusa. Tutasikiliza vilio vya watoto wachanga."

Watu wakapiga makofi. Kazi ya kusikiliza ikakabidhiwa Dakta Tausi Shebughe.

Dakta Tausi alikuwa mwanamke mpole, mwangalifu, mwenye kupanga kalamu zake mezani kwa urefu. Ndiye mwanamke pekee katika watafiti wa Taasisi, na Taasisi ilimtaja katika kila hotuba kuonyesha kwamba haina upendeleo. Yeye mwenyewe aliiamini kazi yake. Aliamini kwamba ukipima kitu vizuri, ukweli utatoka tu, kama maziwa yatokavyo kwa ng'ombe asiyependa mkamuaji.

Chumba cha wachunguzi kilijengwa kando ya wodi ya wazazi katika hospitali kuu, kikatenganishwa na watoto kwa kioo. Mtoto wa kiume alifungwa shuka la mistari na wa kike akafungwa kanga ya maua, ili wachunguzi wasibabaike. Mtoto akilia, mchunguzi alimtazama, akamsikiliza, kisha akaamua: hiki ni kilio cha amri, au hiki ni kilio cha ombi.

Matokeo yalipendeza mno. Wavulana walilia kwa amri na wasichana walilia kwa ombi. Mvulana akilia kinyonge, kilio chake kiliitwa amri ya upole. Msichana akilia mpaka kioo kikatetemeka, kiliitwa ombi la dharura. Mvulana asiyelia kabisa alihesabiwa kuwa anatafakari, na msichana asiyelia alikuwa amenyamaza kwa aibu. Mimi si msomi, lakini nilivutiwa kuona jinsi nadharia ile ilivyomkaribisha kila mtoto bila kumwacha hata mmoja nje.

* * *

Dakta Tausi alikuwa na dada yake mkubwa aitwaye Mwanahawa, mkunga katika wodi ileile. Mwanahawa ndiye aliyemlea Tausi baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemsomesha, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kumwambia lolote. Alikuwa mwanamke wa sauti nene. Wazazi waliopita mikononi mwake walisema kwamba katika uchungu wote walichokishika ni ile sauti.

Siku moja ya mapumziko walikuwa wakila pamoja nyumbani kwa Mwanahawa. Masika yalikuwa yamekithiri, na mazungumzo yalikuwa ya matope na paa linalovuja.

"Hata kule wodini tuliteseka," Mwanahawa akasema. "Mashine ya kufulia iliharibika, na ukianika nje hakikauki kitu. Wiki nzima tumewafunga watoto chochote kilichokuwa kikavu. Vidume vimelala kwenye maua, majike yamelala kwenye mistari. Tulicheka sisi."

Tausi akaacha kula. "Wiki ipi hiyo, dada?"

"Hii iliyopita. Kwani nini?"

"Na wachunguzi mliwaambia?"

"Wachunguzi wako hawatusemeshi, mdogo wangu. Wako nyuma ya kioo."

Kesho yake Tausi alijifungia ofisini akayapitia matokeo ya wiki ile. Alitarajia kukuta vurugu. Akakuta matokeo safi kuliko ya wiki zote. Kila aliyelala kwenye mistari aliamuru. Kila aliyelala kwenye maua aliomba. Akayarudia tena na tena, kwa sababu sasa alielewa kwamba tangu walipoanza hawakuwa wamemsikiliza mtoto yeyote. Walikuwa wakizisikiliza nguo.

Akaenda kwa Profesa Zahoro na kumweleza yote. Profesa alimsikiliza kwa utulivu, vidole vyake vimekutana chini ya kidevu.

"Matokeo ya wiki hiyo ni mabaya?" akauliza.

"Ni mazuri kupita yote, Profesa."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba yalitakiwa yageuke. Watoto walibadilishana nguo. Kama tungekuwa tunapima maumbile, tungeona mistari inaomba na maua yanaamuru. Hatukuona. Maana yake wachunguzi wanaandika wanachokitarajia."

Profesa akatabasamu kwa huruma. "Dakta Tausi, nakuheshimu sana. Lakini jambo hili linawahusu wanawake, na wewe ni mwanamke. Si ajabu likakugusa. Mwanasayansi lazima ajihadhari na upendeleo wake."

"Na wewe, Profesa? Wewe halikugusi?"

"Mimi?" Alishangaa kwa dhati. "Mimi nikiwa kazini sina jinsia."

Kilichomtia Tausi hofu ni kwamba mzee yule hakuwa akitania wala kudanganya. Alisema kama mtu anavyokueleza kwamba leo ni Jumanne. Kisha akamkumbusha kwamba muswada wa sheria uliotokana na utafiti huo umekwisha fika bungeni, kwamba Waziri atausoma mwenyewe, na kwamba kule kwenye konokono bado kuna upungufu wa watumishi.

Tausi akarudi ofisini kwake. Akazipanga kalamu. Akanyamaza.

* * *

Sheria ya Amri ilipita kwa shangwe. Tangu siku hiyo kazi zote za kuamuru zikawa za wenye maumbile ya kuamuru, na wanawake wakabakiziwa zile zinazoweza kufanywa kwa kuomba.

Wengi tuliona ni sheria ya kistaarabu. Walimu wa kike waliingia darasani wakasema, "Tunaomba mkae," na wanafunzi wakalifikiria ombi hilo kwa muda wa kipindi kizima. Askari wa kike wa barabarani waliyaomba malori yasimame. Mengine yalikubali. Waziri alisema redioni kwamba ajali zilizotokea zilisababishwa na madereva wasioielewa sayansi.

Katika wodi ya wazazi kulikuwa na ugumu wa pekee, kwa sababu wakunga wana mazoea mabaya ya kusema "sukuma." Serikali ikaliona hilo mapema. Kila wodi ikapelekewa Mtoa Amri. Wodi ya Mwanahawa ilimpata Bwana Chande, aliyekuwa mlinzi katika ghala la saruji, mtu mnyenyekevu aliyechaguliwa kwa kifua chake kipana. Kwa kuwa haikuwa heshima mwanamume kama yeye kuingia ndani, alisimama mlangoni akiipa mgongo wodi, na kila baada ya muda alipaza sauti: "Sukumeni."

Waliokuwa karibu kuzaa walisukuma. Waliokuwa bado walisukuma pia, wakiogopa sheria. Mwanahawa alipita kitanda hadi kitanda akinong'ona, "Huyo usimsikilize, mama. Nisikilize mimi."

Basi ikatokea siku ambayo Bwana Chande alikuwa ameitwa kwenye semina ya uongozi. Saa za mchana akaletwa mwanamke aitwaye Sikudhani, mke wa fundi seremala, mimba ya kwanza, uchungu umeshamkamata vizuri. Mwanahawa alipompima aliona mtoto yu karibu, na kichwa kilipotokeza akaona kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni.

Wauguzi wawili waliokuwepo walimtazama Mwanahawa. Mlango ulikuwa mtupu. Sheria ilisema kwamba Mtoa Amri asipokuwepo, mgonjwa asubiri.

Sikudhani alikuwa akisukuma kwa nguvu zake zote na uso wa mtoto ulikuwa unabadilika rangi.

"Usisukume," Mwanahawa akasema. Mwanamke yule hakusikia. Ndipo mkunga akaitoa ile sauti yake nzima, ambayo kwa miezi kadhaa alikuwa ameificha. "Sikudhani. Acha kusukuma. Pumua. Nitazame mimi, pumua." Sikudhani akatazama, akapumua. Vidole vya mkunga vikapita chini ya kamba ile, vikailegeza, vikaipitisha juu ya kichwa. "Sasa sukuma. Sukuma, usiache."

Mtoto akatoka akiwa wa buluu, akakaa kimya kwa kitambo ambacho hakuna aliyekuwepo anayependa kukikumbuka, kisha akalia.

Sauti ya Mwanahawa ilikuwa imesikika mpaka getini. Getini palikuwa na mkaguzi wa wizara. Jioni ile mkunga alikamatwa kwa kosa la kutoa amri bila ya kuwa na maumbile yanayostahili.

Polisi walipomuuliza kwa nini hakumwomba mgonjwa kwa adabu, alijibu, "Ukimwomba mtu unampa nafasi ya kukataa. Mtoto hakuwa na nafasi hiyo."

* * *

Upande wa mashtaka ulimhitaji mtaalamu wa kuieleza mahakama sayansi ya kilio. Mtaalamu aliyeuongoza utafiti alikuwa Dakta Tausi. Akapelekewa wito.

Mwanahawa alikuwa nje kwa dhamana. Tausi alipofika kwake alimkuta ameketi barazani akichambua mchicha, na hakuacha kuchambua.

"Sikukuita uje kunitetea," Mwanahawa akasema.

"Serikali ndiyo imeniita, dada. Nije kukuangamiza."

"Utasema nini?"

"Sijui."

"Hujui?" Sauti ya mkunga ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyomwogopesha mdogo wake. "Ulijua tangu masika, Tausi. Mimi nilikueleza nikicheka, wewe ukaacha kula. Nikadhani tumbo linakuuma. Kumbe ulikuwa umeshaelewa, ukarudi kazini ukakaa."

"Nilimwambia Profesa."

"Na Profesa alipokataa?"

Tausi alivuta ungo upande wake, akaanza kusaidia kuchambua. Walimaliza fungu zima, na Tausi alipoinuka kuondoka Mwanahawa alisema tu, "Sema ulichokiona. Usiongeze huruma."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Hakimu Lutufyo alikuwa mtu mwenye sifa ya kusikiliza pande zote kabla ya kutoa hukumu aliyokuja nayo. Sikudhani alitoa ushahidi kwanza, akisema kwamba bila ile sauti mwanawe asingekuwa hai. Hakimu akamshukuru. Kisha akaitwa Dakta Tausi.

"Wewe ndiye uliyethibitisha kwamba wanawake kwa maumbile huomba tu?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Mimi ndiye niliyeongoza utafiti huo," Tausi akajibu. "Haukuthibitisha hivyo. Mashuka yalichanganywa wiki nzima na matokeo hayakubadilika. Wachunguzi waliambiwa na nguo nini cha kusikia. Sisi tulioandaa utafiti tuliingia na jibu mfukoni, tukawapa watoto kazi ya kulitoa. Nimelijua hilo muda mrefu nikanyamaza. Mshtakiwa hana kosa. Sheria mnayomhukumu nayo imejengwa juu ya kanga na shuka."

Wachache wetu tulianza kuhisi kwamba huenda kuna kitu kimetokea. Tukatazama mbele, kuona kama wakubwa nao wamehisi.

Profesa Zahoro akaomba ruhusa ya kujibu, akapewa.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "namshukuru Dakta Tausi kwa ugunduzi huu mkubwa, ambao kwa unyenyekevu wake hakuelewa uzito wake. Anatuambia kwamba hata mtoto wa kike, akifungwa shuka la mistari, alisikika akiamuru. Hii maana yake nini? Maana yake nguvu ya kiume ni kubwa kuliko tulivyodhani. Inahamia hata kwenye nguo."

Makofi yalikuwa marefu. Mimi pia nilipiga, kwa sababu waliokuwa kulia na kushoto kwangu walipiga.

Hakimu Lutufyo akasafisha miwani yake, akatoa uamuzi. Alisema mahakama imewasikiliza mashahidi wawili wa kike kwa makini. Lakini kisheria, kwa mujibu wa sayansi iliyo mbele yake, kila linalosemwa na mwanamke ni ombi, hata liwe katika umbo la ushahidi. "Kwa hiyo," akasema, "mahakama imepokea maombi mawili. Yote mawili yamekataliwa."

* * *

Mwanahawa alinyang'anywa leseni na kukatazwa kukanyaga wodi yoyote. Dakta Tausi aliarifiwa kwamba amepumzishwa. Taasisi ilitunukiwa nishani, na utafiti ukaendelea chini ya wachunguzi walewale, sasa kwa mashuka yaliyoshonewa utepe ili yasichanganyike tena.

Katika wodi ile watoto wasiolia waliongezeka. Taarifa ya Taasisi ilieleza kwamba kizazi kipya cha wavulana kinatafakari zaidi kuliko vilivyotangulia, na kwamba wasichana wamezidi kuwa na haya. Tulisoma taarifa hiyo magazetini. Baadhi yetu tulijua nyumba ambazo ndugu walirudi kutoka hospitali mikono mitupu, tukaenda kuhani, tukakaa kwenye mikeka, na hakuna aliyeitaja taarifa.

Tausi alihamia kwa dada yake. Hawakuwahi kulizungumza tena lile la masika. Waliishi kwa kilimo cha bustani, na Mwanahawa alimwonyesha namna ya kupanda vitunguu kwa maneno machache kuliko yaliyohitajika. Mapenzi yalikuwepo, ila yalitembea kama mtu aliyevunjika mguu ukaungwa vibaya.

Asubuhi moja walimwona mtu akija na mke wake kwenye mkokoteni, akiuvuta mwenyewe, jasho limelowesha shati. Alikuwa Bwana Chande. Mkewe alikuwa ameng'ang'ania kingo za mkokoteni, amefumba macho.

Mwanahawa akasimama katikati ya matuta. "Hospitali iko kule, Bwana Chande. Umepotea njia."

"Sijapotea, Bi Mwanahawa."

"Mimi nimekatazwa. Wewe hasa unajua nimekatazwa. Na kule wodini yupo Mtoa Amri."

Bwana Chande akautua mkokoteni. Aliongea akitazama chini. "Kule niko mimi tu," akasema.

Mwanahawa akamtazama yule mwanamke, akanawa mikono kwenye ndoo, akasema, "Mwingize. Tausi, washa moto, chemsha maji."

Mlango ukafungwa. Tausi na Bwana Chande wakabaki uani. Ile sauti nene ikaanza kusikika kutoka ndani, haijifichi, ikisema bado, ikisema pumua, ikisema sasa. Kila iliposikika Bwana Chande alishtuka na kuangalia barabarani, kisha akamwangalia Tausi, kama mtu anayeomba asiulizwe kitu.

Halafu mtoto akalia. Kilikuwa kilio kikali, cha kukatakata, kilichotoboa ukuta.

"Ni amri au ombi, Dakta?" Bwana Chande akauliza. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua.

Tausi akafungua kinywa aseme kwamba hakuna kitu kama hicho. Lakini kabla ya neno kutoka, moyoni mwake sauti ilikuwa imekwisha jibu: amri, wa kiume. Ilijibu upesi, bila kumwuliza, na kwa uhakika uleule wa nyuma ya kioo. Alisikiliza tena, akijitahidi kusikia kilio tu. Hakuweza. Alijaribu kukigeuza kiwe cha msichana, kikageuka, kikawa ombi la dharura. Alikuwa amepoteza kazi, amesimama mbele ya hakimu, na bado kile kioo kilikuwa masikioni mwake.

Mlango ukafunguliwa. Mwanahawa akamkabidhi Tausi mtoto, amefungwa kipande cha gunia la unga lililofuliwa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kingine kikavu, akarudi ndani kumhudumia mama. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, uso mwekundu, anapiga kelele. Tausi alimshika, na mkono wake ukaanza kwenda kwenye lile gunia, kulifunua, ili ajue anasikia nini.

"Mleteni huku," sauti ya mama ikasema kutoka ndani, imechoka. "Ana njaa."